Kahawa ya Marehemu Plinio

Ercilia hakwenda kwa daktari wa miwani kwa hiari yake. Alisukumwa na Tatico, jirani yake, mwanaume mwenye mdomo ambao haujapata kupumzika tangu azaliwe. Pale mjini Ocoa, ukitaka habari isambae huna haja ya redio. Mnong'oneze Tatico kisha kaa utulie. Na huyo Tatico alikuwa amemganda Ercilia pale kwenye seng'enge inayotenganisha nyua zao, kila alasiri wimbo ni ule ule.

"Ercilia, nenda kwa yule binti aliyefungua duka la miwani mbele ya kanisa. Si muuza fremu tu yule. Anawapima hata wale ambao miwani imewashinda."

"Nani kakwambia miwani imenishinda?"

"Hakuna. Nasema tu."

"Basi kamsemeshe jogoo wako mwendawazimu, anayewika watu wakiwa mezani."

Alimjibu hivyo, lakini moyo ulimpiga paa! Kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akijua. Ercilia alikuwa ameficha macho yake kama watu wanavyoficha mimba. Barabarani hakumsalimu mtu, maana nyuso zote zilikuwa zimefutika katikati, zimebaki masikio na nywele. Watu wakasema anaringa kwa sababu ana binti mji mkuu. Aliwaacha waseme. Afadhali kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa kipofu. Sasa huyu mropokaji kajulia wapi?

Angempuuza, lakini Yudelka alipiga simu. Yudelka ndiye huyo binti, mtoto wake wa pekee, mwanamke wa kuamua mambo kabla hujamaliza kusema.

"Mama, nakuja Jumamosi. Nimesikia umeunguza taulo jikoni. Nikiona huwezi kukaa peke yako, tunafunga nyumba, unakuja kwangu."

"Kwako wapi, kule juu ghorofani? Nikanyage nini, hewa?"

"Jumamosi, Mama."

Ndipo Ercilia alipoogopa kikweli. Nyumba ile walijenga na marehemu Plinio, yeye akibeba maji, mumewe akipanga matofali. Kila pembe yake aliijua kwa mkono. Kumtoa mle ilikuwa ni kumtoa roho. Akajisemea: nitapata miwani minene kama chini ya chupa, nitamsomea Yudelka gazeti zima mpaka aombe maji. Akavaa gauni la misa, akashuka mjini.

Daktari Fiordaliza alikuwa msichana wa palepale, mtoto wa muuza viazi, kasomea kazi yake mji mkuu na kurudi. Ercilia alitegemea aketishwe, avishwe vioo, aulizwe hiki au hiki. Badala yake binti alivuta kiti akakaa karibu, akamwita kwa jina la heshima.

"Doña Ercilia, niambie kwanza. Kitu gani umeacha kukifanya, na unakitamani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ercilia alitaka kudanganya, ikamtoka kweli.

"Kutunga uzi kwenye sindano. Kusoma chupa ya dawa ya presha. Na kumjua mtu kabla hajafungua mdomo."

Daktari akaanza kazi. Akasogeza ubao wa herufi mpaka karibu na pua ya mgonjwa. Akawasha taa, akaizima, akaiwasha upande mwingine. Akaweka kikombe cha kijivu juu ya kitambaa cha kijivu, Ercilia akapapasa kama mtoto gizani. Akakiweka juu ya kitambaa cheusi, Ercilia akakidaka mara moja. Mwisho akaangaza ndani ya macho yenyewe, akazima taa.

"Sitakuuzia miwani, Doña. Hakuna miwani itakayokusaidia zaidi ya hiyo uliyonayo."

Ercilia akashika ukingo wa kiti. Jumamosi hiyo inakuja! "Kwa hiyo ndiyo basi? Mimi kipofu?"

"Nani kasema? Katikati ya jicho ndiko kumechakaa. Pembeni kuko hai kabisa. Wewe unaangalia kwa kutumia pale palipokufa. Hebu usiniangalie usoni. Angalia sikio langu."

"Sikio la nini tena?"

"We angalia tu."

Ercilia akaangalia sikio. Mungu wangu! Pembeni mwa lile sikio ukatokea mdomo, tena unacheka, una pengo dogo katikati ya meno. Alikuwa hajaona mdomo wa mtu siku nyingi mno. Machozi yakamtiririka, na hakuyafuta.

"Utajifunza," binti akasema. "Polepole, kila siku. Sasa nina swali ambalo namuuliza kila mwenye macho kama yako, usinikasirikie. Je, unaona vitu ambavyo havipo?"

Ercilia aliruka kitini kama aliyekalia msumari.

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa na mtu."

"Ni Tatico! Mbwa yule! Lakini hata yeye... Bikira wa Altagracia, hata yeye hajui!"

Akashika mkoba aondoke. Akauweka tena magotini. Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa siri yenyewe, ile kubwa, iliyomfanya aogope Jumamosi kuliko kifo. Vilikuwepo vijitu vifupi vyenye kofia nyekundu, vikipita chini ya meza yake kwa foleni, vikiwa na haraka zao. Yalikuwepo maua yakitambaa ukutani mpaka darini. Mara moja alikuta farasi amesimama kwenye beseni la kufulia. Na shangazi yake Nena, enzi hizo, alipoanza kusema ana farasi sebuleni, wanaume walikuja wakamfunga kamba, wakampeleka kwa wendawazimu, na hakurudi akiwa hai.

Daktari akamwacha apumue. "Doña, si wazimu. Macho yakiacha kuupelekea ubongo picha, ubongo unajichorea zake. Watu wengi sana wanaona, na wote wanaficha kama wewe."

"Unanifariji tu."

"Sikufariji. Hao unaowaona, wanaongea?"

"Hawana sauti hata kidogo."

"Ndivyo zilivyo picha hizo. Hazina sauti, hazina uzito, hazisogezi kitu. Zikikujia, peleka macho kulia na kushoto, harakaharaka, mara kadhaa. Au nyoosha mkono uguse. Zitapotea."

Ercilia akapeleka macho kulia na kushoto, akijaribu. Halafu kwa sauti ndogo akasema, "Basi shangazi Nena alikuwa na macho tu."

"Huenda."

"Macho tu! Na walimfunga kamba!" Akapiga paja lake mwenyewe kwa hasira mpaka likauma.

Kulikuwa na jambo moja hakulisema. Asubuhi na mapema, kabla jua halijaruka kilima, Plinio huja. Huja kimya, kofia yake nyeupe kichwani, akaketi kwenye kiti cha bembea barazani. Ercilia hakumwogopa hata siku ya kwanza. Mama yake alimlea hivyo, kwamba kikombe cha kwanza cha asubuhi ni cha wafu wa nyumba, unakiweka na hauulizi. Basi akaweka kikombe, akakaa jirani na kile kiti, akamweleza mumewe yote: macho, vijitu, Yudelka, na hasa ubaya wa Tatico. Plinio alisikiliza vizuri kuliko alivyowahi kusikiliza akiwa hai. Na ukirudi kuchukua kikombe, kitupu.

Sasa daktari anasema picha hazisogezi kitu. Kahawa anakunywa nani? Labda mimi mwenyewe, aliwaza, nakunywa halafu nasahau. Wazo hilo lilimtisha kupita vijitu vyote, akalimeza.

"Na mtu wako?" aliuliza. "Marehemu wako, anaweza kuja?"

"Mara nyingi ni watu usiowajua. Lakini usipoiona sura sawasawa, moyo unajimalizia wenyewe."

Aliondoka na kioo cha kukuzia chenye taa yake ndani, na maneno mengi kichwani: kahawa kwenye kikombe cheupe ili uone inapofika, utepe wa manjano kwenye ngazi, taa ya kushonea nyuma ya bega. Na la mwisho binti alilisisitiza mlangoni.

"Kila anayeingia kwako aseme jina lake. Hata mwanao. Usione haya kuwaamuru."

Yudelka hakungoja Jumamosi. Alishuka na basi la mwisho la Ijumaa, mvua inanyesha, umeme umekatika mtaa mzima na kila mtu kajifungia kwake. Hata Tatico hakuona mtu akipita, na hilo, ukimjua Tatico, ni muujiza. Mama na binti walikula ndizi za kuponda kwa soseji ya salami kwenye mwanga wa mshumaa, na Ercilia akaamua kutoa lote. Akasoma chupa ya dawa kwa kioo chake, herufi kwa herufi. Akamweleza picha. Akamweleza shangazi Nena.

"Kwa hiyo unaona watu," Yudelka akasema polepole.

"Naona picha. Na nazifukuza! Jana vile vijitu nimevisambaza kwa macho, hivi na hivi, kwisha!"

"Na hakuna mwingine?"

Ercilia akageuza chupa ya dawa mkononi. "Yuko baba yako. Asubuhi, barazani. Lakini naye ni picha. Sijajaribu kumfukuza, basi tu."

Yudelka aliweka uma chini. Hata bila kuiona sura yake, Ercilia alijua imekuwaje. "Mama, nionyeshe kesho. Ukimfukuza huyo na akaenda, tutaongea. Ukishindwa, tunaondoka na basi la mchana."

Asubuhi Ercilia aliamka kabla ya binti yake. Akachemsha kahawa. Si jambo dogo kumfukuza mume. Akatoka barazani na kikombe cheupe, na kweli, amekaa pale, kofia yake, mabega yake, kiti kinabembea taratibu.

"Nisamehe, mpenzi wangu," akamwambia. "Leo lazima uende. Ni kwa ajili ya nyumba yetu."

Akapeleka macho kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka yakamuuma. Akatulia. Akaangalia.

Yupo.

Akarudia kwa nguvu zaidi. Yupo vilevile, ila kiti kimeacha kubembea. Ndiyo basi, alifikiri, mimi ni Nena, kamba zangu ziko njiani. Nyuma yake mlango wa chumba ukafunguka, na Yudelka akatoka na gauni la kulalia, mswaki mdomoni. Mswaki ukaanguka.

"Mama! Huyu mwanaume ni nani?"

Ercilia aligeuka, akageuka tena, kizunguzungu. "Kumbe na wewe unamwona?"

"Nitaachaje kumwona! Amekaa hapo! We mzee, nani wewe? Nitapiga kelele!"

Ercilia hakungoja. Daktari alisema gusa, akagusa. Akanyoosha mkono ukatua kwenye bega, na bega lilikuwa la moto, la mfupa na jasho, na lilikuwa linatetemeka. Kikombe kikamponyoka kikapasuka sakafuni.

"Ercilia," sauti ikasema, "usinipigie kelele, nakuomba."

Sauti ile! Sauti ya kwenye seng'enge, ya jogoo, ya umbea wa mji mzima. Ercilia alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji ya mtoni.

"Tatico?"

"Ni mimi."

"Tatico! Mwanaharamu! Kila siku?"

"Kila siku."

Alimpiga. Alimpiga kwa kiganja, akakosa, akapiga kofia, kofia ikaruka. "Na kofia ya mume wangu umeiba wapi?"

"Hukuibiwa. Ulinigawia mwenyewe, siku ile ya tisa ya matanga, ulipogawa nguo zake. Umesahau."

Kweli, alikuwa amesahau. Jambo hilo lilimchoma zaidi.

"Nilikuja kurudisha sufuria yako," Tatico akasema, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimtoka kwa shida. "Nilikaa kukungoja. Ukatoka ukasema, 'Plinio, mpenzi, umekuja.' Nikafungua mdomo nikwambie si yeye. Ukanipa kahawa. Ukakaa karibu yangu. Ercilia, mimi tangu mke wangu Chela afe hakuna mtu aliyekaa karibu yangu asubuhi. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa kesho."

"Umesikia yote!"

"Yote."

"Mambo yangu na Plinio! Ya chumbani!"

Tatico aliinamisha kichwa. Yudelka alijifunika uso.

"Na niliyosema juu yako?"

"Kwamba nina mdomo kama kinu kibovu. Kwamba Chela alikufa ili apumzike masikio." Aliitazama kofia sakafuni. "Hilo liliniuma. Lakini ulisema pia una vijitu, na unaogopa. Ningemwambia nani? Ndiyo maana nilikusumbua uende kwa yule binti."

"Toka," Ercilia akasema. "Toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Waliisikia miguu yake ikishuka ngazi, ikikosea ile ya mwisho.

Yudelka ndiye aliyepata sauti kwanza, na alipoipata ilikuwa ya moto. "Panga nguo, Mama! Sasa hivi! Mwanaume anaingia humu kila siku ya Mungu, unampa kahawa, unamwita mpenzi, na hujui ni nani! Angekuwa mwizi? Angekuwa na kisu?"

Ercilia alikuwa hamsikii. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha bembea, ambacho bado kilikuwa na joto la mtu, akiangalia vipande vya kikombe ambavyo hakuweza kuviona. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyefikiwa na habari mlangoni muda huohuo:

"Yudelka, mwanangu. Baba yako amekufa."

Yudelka alifungua mdomo aseme, mama, lakini ni miaka sasa. Hakusema. Alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, na Ercilia akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikumtoka, kilio cha kupiga miguu, mpaka majirani wa ng'ambo wakafungua madirisha kuuliza nani amefariki.

Alipomaliza alipenga kamasi kwa aproni. "Siondoki," akasema.

"Mama!"

"Umesema nikimfukuza akaenda, tutaongea. Nimemfukuza, ameenda. Sasa tuongee." Akageuza uso kando, akaangalia sikio la binti yake, na pembeni ya sikio ukaja mdomo wa Yudelka, umekunjamana kama alivyokuwa mtoto akitaka kulia. "Leo ndiyo siku ya kwanza najua nani yumo humu ndani na nani hayumo. Unitoe leo?"

Wakaongea. Waligombana mpaka mchana, na basi la mchana likaondoka bila wao. Jumapili Yudelka alitia komeo jipya kwenye geti la baraza, kubwa, la kupapasa kwa kidole. Akabandika utepe wa manjano kwenye ngazi. Akaenda mwenyewe kwa Daktari Fiordaliza, akarudi na taa ya kushonea na uso mpole. Aliondoka Jumatatu peke yake, akiapa kwamba likitokea jingine, hata dogo, atarudi na lori.

Siku zikapita, kwenye seng'enge kimya. Hata jogoo aliwika kwa adabu. Mji ulianza kuulizana kama Tatico anaumwa.

Asubuhi moja Ercilia alikuwa akichemsha kahawa yake, kikombe kimoja, aliposikia geti likigongwa. Aliweka mkono juu ya komeo asilifungue.

"Nani?"

Aliona nje ya nondo kivuli kirefu, bila kofia. Akapeleka macho kulia, kushoto. Kivuli kikabaki.

"Nimeuliza nani! Kwangu watu wanasema jina!"

"Tatico."

"Tatico gani?"

"Yule wa mdomo kama kinu kibovu."

Ercilia alisimama pale, mkono juu ya chuma baridi. Bado alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake. Halafu akavuta komeo.

"Kaa hapo," akasema. "Hapo kwenye ngazi, kiti hukigusi. Na uongee! Ukinyamaza tu, nakumwagia kahawa."

Akaingia jikoni kutafuta kikombe kingine. Nyuma yake Tatico alikuwa ameshaanza habari ya mke wa muuza nyama, na alikuwa hajapumua.